Mashine Ambayo Haijashuka

Wauzaji wengine wote wa kompyuta niliowahi kuwafuata, kuanzia Lushoto mjini mpaka Tanga, walianza na swali moja: una shilingi ngapi? Katibu peke yake alianza kwa kuuliza, "Utakaa nayo wapi?"

Ukimjibu haraka kwamba utakaa nayo nyumbani, alikutazama juu ya miwani.

"Nyumbani ni wapi? Juu au chini?"

Kwetu milimani kila mtu anaelewa swali hilo. Juu ni sweta, ukungu na chai inayopoa kabla hujaimaliza. Chini ni Mombo, Korogwe na Magoma, ambako bati la nyumba ukiligusa mchana unaondoa mkono. Watu walidhani Katibu anapiga soga, wakamjibu huku wanachungulia bei. Hawakujua kwamba biashara ilikuwa imeshaanza, na kwamba jibu hilo lilikuwa limeondoa nusu ya mashine zilizokuwa mezani.

Jina lake ninalijua, lakini sijawahi kulitumia. Nikilitumia hapa nitajiona nimeingia ofisini bila kubisha hodi. Alikuwa katibu muhtasi wa serikali kwa miaka mingi, akastaafu, akapanga chumba chenye mlango wa kijani nyuma ya soko na kuanza kuuza laptop zilizotumika. Alihama ofisi, ofisi haikumhama. Alivaa sketi iliyopigwa pasi na sweta lenye vifungo vyote, na wakati wa masika, soko zima likiwa tope, viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Sikuwahi kugundua anapita wapi.

Ndani kulikuwa na meza ndefu yenye laptop saba au nane, hazikuwahi kuzidi hapo. Kwenye kona alikuwa na taipureta yake ya zamani. Kila mashine iliyoingia aliichapia kadi, akiweka kaboni katikati ili nakala moja ibaki kwenye boksi lake la viatu. Kadi ilieleza mashine ilivyo bila kuipamba. "Kioo kina mkwaruzo chini kushoto." "Herufi moja ya kibodi lazima uibonyeze kwa nguvu." Mstari wa mwisho wa kila kadi ulikuwa na neno moja na alama ya swali: "Imeshuka?"

Nitaueleza mstari huo, ila kwanza lazima nikiri nilivyokuwa siku ninaingia pale.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, natoka Magamba, na nilikuwa na hela ya kununua laptop ya gemu. Hela hiyo nilikaa nayo miezi minane. Niliipata kwa misimu miwili ya kuuza viazi na plamsi kutoka kipande cha shamba alichonigawia baba, na ilikuwa hela ambayo ukikosea mara moja, huna ya kukosea mara ya pili. Kwa hiyo sikununua. Nilikuwa nasoma. Nilijifunza kila kitu peke yangu, kwa simu na kwa kompyuta kuukuu ya ofisi ya usharika ambayo mchungaji aliniruhusu kuitumia siku za Jumanne. Nilikuwa na daftari la kurasa arobaini lenye majedwali: prosesa, kadi ya picha, RAM, diski, kioo, bei ya Dar, bei ya Tanga. Nikikosea mstari sikuukata, nilichana ukurasa mzima na kuanza upya. Ndiyo maana kurasa zilikuwa arobaini tu. Bila hivyo zingekuwa mia.

Baba alikuwa ananitania nikipita na daftari. "Hiyo hela itazeeka kabla yako, binti yangu."

"Nataka nisikosee, baba."

"Basi nunua mbuzi. Mbuzi hana RAM."

Sikumweleza vizuri kwa nini nilihitaji mashine yenye nguvu, kwa sababu nilikuwa naona haya. Nilikuwa natengeneza gemu. Lilikuwa la lori lililojaa kabichi, linateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo kupitia kona zote zile, na mchezaji anatakiwa kufika chini bila kudondosha kabichi nyingi. Kwenye kompyuta ya usharika lori lilikwenda kama picha zinazobandikwa ukutani moja baada ya nyingine. Huko Korogwe kulikuwa na mafunzo ya miezi sita kwa vijana wachache wanaotengeneza programu. Sharti lao lilikuwa kwamba kila mwombaji afike na kompyuta yake na aonyeshe kitu alichokitengeneza mwenyewe. Nilikitaka kiti kimoja pale kuliko kitu chochote, na siku ilikuwa inakaribia.

Nikampa Katibu daftari langu. Alilisoma lote. Mteja mwingine aliingia, akaambiwa asubiri, naye akasubiri, maana hakuna aliyebishana na miwani ile. Alipomaliza alilifunga taratibu.

"Shule gani imekufundisha kupanga hivi?"

"Hakuna, Katibu. Nimejifunza mwenyewe."

"Kazi safi. Ningekupata enzi zangu ofisini ningelala usingizi." Akalisukuma kunirudishia. "Kurasa arobaini, binti. Nionyeshe mahali ulipoandika joto."

Nilifungua. Nikafungua tena. Hapakuwa na hata safu moja.

"Hilo ndilo kosa la watu wa juu," alisema, bila ukali. "Mnanunulia mashine kwenye friji."

Hapo ndipo nilipoelewa kuhusu kushuka. Laptop ya gemu ni jiko lenye kibodi. Ikikazana hupata moto, na ikizidiwa hujipunguza nguvu, au hujizima isiungue. Lushoto unaweza kuijaribu mashine mbovu siku nzima isikuonyeshe ugonjwa wake, kwa kuwa hewa yetu inaisaidia bila wewe kujua. Watu kadhaa walinunua mashine hapa, zikacheza vizuri, wakahamia Korogwe au Dar kusoma, zikafa wiki ya kwanza. Walimlaumu fundi wa huko chini.

Katibu alikuwa na mdogo wake Magoma, fundi cherehani, kwenye chumba cha bati lisilo na dari. Kila mashine iliyofika kutoka Dar aliipakiza kwenye basi mpaka huko, ikakaa siku saba. Mwenye kazi ya kuitesa alikuwa shemeji yake, mtu mzima mwenye kitambi anayenunua na kuuza mpunga, ambaye baada ya chakula cha mchana alicheza gemu la mpira mpaka jasho lidondoke juu ya kibodi. Mashine ikirudi nzima, Katibu alichapa "Ndiyo" mbele ya lile swali. Isiporudi nzima aliifungua, akaitibu, akaishusha tena.

"Kama imeishi na shemeji chini ya bati lile," alisema, "itaishi na wewe."

Yeye mwenyewe alikuwa haziwezi gemu, na alizidharau waziwazi. "Kupoteza macho tu," alikuwa anasema. Lakini kila asubuhi alifungua gemu lilelile la mbio za magari kwenye kila mashine mezani, akaendesha kwa vidole viwili huku akitazama pembeni. Gari liligonga ukuta, likapinduka, likatumbukia mtoni, yeye wala habari hana. Alikuwa ameinamisha sikio juu ya kibodi kama muuguzi anayesikiliza kifua cha mtoto.

"Sikia feni. Hii inapumua. Ile pale inakoroma."

Mengi ninayoyajua kuhusu kununua kwa hela kidogo niliyasikia akiwaambia watu wengine, mimi nikiwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai ya tangawizi. Chai aliigawa kwa ukarimu, ila ilinywewa nje ya kizingiti, hata mvua ikinyesha. Alisema RAM utaongeza mwakani, diski utabadilisha mwaka kesho kutwa, lakini kadi ya picha na feni ni ndoa, unachukua ulichokikuta. Alisema betri ya laptop ya gemu ni ya kukupa muda wa kuhifadhi kazi umeme ukikatika, ukitegemea zaidi ya hapo unajidanganya. Mwalimu mmoja alikuja anataka ile yenye taa za rangi kwenye kibodi. Katibu aliizima na kuiwasha mbele yake. "Hizi taa utazilipia wewe, mwalimu, na hazichezi gemu." Akamuuzia ya bei nafuu zaidi, nyeusi, mbaya kwa sura. Mwalimu aliondoka amenuna, baada ya mwezi akarudi na kilo mbili za mapeasi.

Alikuja pia baba mmoja kutoka Mtae, anamnunulia mwanawe. Katibu alimuuliza kuhusu barabara kwa muda mrefu kuliko alivyomuuliza kuhusu hela, kisha akaitoa mezani laptop aliyokuwa ameishika.

"Hii diski yake inazunguka ndani kama sahani. Kwa mitikisiko ya Mtae itafika imeshasahau kila kitu. Chukua hii nyingine, diski yake haina kinachozunguka."

"Lakini ile ina nafasi kubwa zaidi, mama."

"Nafasi kubwa ya kuweka nini, baba, kama haitafika?"

Sasa, mtu aliyekuwa hivyo kwenye mashine, na ambaye ofisini inasemekana alirudia ukurasa mzima kwa herufi moja, alizungumza Kishambaa kibovu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Hakuwa mtu wa huku, kazi ndiyo iliyomleta. Asubuhi saa mbili alipita kwa kina mama wa mboga akisalimia kwa sauti, "Onga mauya!" ambayo ni salamu ya jioni.

"Onga maundo, Katibu! Jua ndiyo kwanza linatoka!" walimjibu huku wanacheka.

Kesho yake alirudia vilevile. Mimi niliyeogopa kufungua mdomo mbele ya watu watatu nilikuwa nakufa kwa aibu kwa niaba yake. Nikamuuliza siku moja kwa nini hajirekebishi, wakati wamemwambia mara elfu.

"Wakishacheka wananiongezea karoti," alisema, akaendelea kufuta kioo.

Nilidhani ni utani. Nilikuwa na umri wa kudhani mtu ama ni makini au si makini, na kwamba umakini unatakiwa kuenea sawasawa kama rangi ukutani.

Basi ikafika mashine yangu. Niliijua mara tu alipofungua blanketi lililokuwa limeifunga: kadi ya picha niliyoipigia mstari kwenye ukurasa wa kumi na saba, kioo kizuri, bei ndani ya uwezo wangu, na hela ya nauli ikabaki. Ilikuwa Jumatano. Korogwe ilikuwa Jumamosi.

"Nitaichukua, Katibu."

"Utaichukua. Ikishuka ikarudi."

"Lakini Jumamosi ndiyo siku yenyewe."

"Kuna ile nyeusi imeshashuka. Chukua hiyo."

Ile nyeusi ilikuwa dhaifu kidogo. Lori langu lingeenda, ila kwenye kona za Soni kabichi zikianza kudondoka lingekuwa linakwama kwama, na mimi sikutaka mtu yeyote aone likikwama. Hapo lazima niseme ukweli: miezi minane nilishindwa kuchagua kwa kuogopa kukosea, na siku nilipochagua sikuweza kusubiri siku saba, kwa kuogopa vilevile. Nikalia. Nililia vibaya, mbele ya wateja wawili, na kikombe cha chai mkononi.

Katibu alisimama. Akazunguka meza, akakaa kwenye taipureta, akachapa kadi, akaichomoa, akanipa bila kunitazama. Mbele ya "Imeshuka?" palikuwa na neno "Hapana".

"Usiiweke kwenye buti la gari," alisema. "Ipakate."

Jumamosi saa saba mchana, chini ya turubai, Korogwe, nilikuwa nimevaa sweta. Hiyo ndiyo picha ninayobaki nayo: nilishuka na sweta langu la Magamba na sikulivua, kwa kuwa nilikuwa nimepanga kila kitu kasoro hilo. Majaji walikuwa watatu. Niliwasha, lori likatoka Lushoto, zuri kuliko nilivyowahi kuliona, vumbi linatimka, kabichi zinatikisika moja moja. Jaji mmoja, kaka wa makamo, akacheka kwa furaha. "Hii barabara naijua! Subiri kona ya maporomoko." Feni ilianza kulia. Tulipofika kona ya maporomoko kioo kikawa cheusi.

Niliiwasha tena, ikazima. Nikaiwasha tena. Ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuipakata. Nilitakiwa kusema kitu, kueleza lile gemu kwa mdomo, hata kuchora kona kwa kidole mezani. Kaka yule alinisubiri niseme. Sikusema neno. Wakasubiri kidogo zaidi, wakaniambia asante, wakaenda meza inayofuata.

Sikuchukuliwa.

Jumatatu nilirudi kwenye mlango wa kijani. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kusikia "nilikuambia", na nilikuwa na jibu, msamaha mrefu nilioukariri. Katibu alinitazama uso, akatazama begi, akanyoosha mikono apokee.

"Lete."

Aliifungua kwa bisibisi yake ndogo. Ndani ya feni mlikuwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi, na pasta inayopakwa kupoza prosesa ilikuwa imekauka ikawa kama chaki. Kazi ya saa moja. Nilisimama pale nikatazama kitu kilichonikosesha kiti changu kikiondolewa kwa brashi ya meno. Hakusema nilikuambia. Hakusema chochote, na mimi nilichukulia kimya kile kuwa hukumu. Ikashuka Magoma siku saba, shemeji akaitesa, ikarudi nzima. Nikaichukua na kumshukuru, kisha nikaacha kwenda pale. Nilikuwa naona aibu. Nikifika sokoni nilizunguka upande wa pili.

Mwaka uliofuata niliomba tena, na mashine ileile, na lori lilelile, nikiwa na blauzi ya mikono mifupi. Waliponiuliza swali nisilolijua nilijibu vibaya, kwa sauti, wakacheka, nikacheka nao. Nilichukuliwa. Siku hizi nipo Tanga, natengeneza gemu ndogo za simu kwa ajili ya watoto wa shule. Bado naandika barua pepe mara tano kabla ya kuituma. Mashine bado ninayo.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilikuwa Magamba kumwona baba. Kurudi nikapita nyuma ya soko kwa makusudi. Mlango ulikuwa wa kijani bado. Ndani kulikuwa na laptop tatu tu, na Katibu amekaa, kashikilia mkono mmoja kwa mwingine ili usitetemeke. Sweta lilikuwa limefungwa vifungo vyote, isipokuwa kimoja.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Nani? Sogea kwenye mwanga." Nikasogea. "Ah. Wa kurasa arobaini."

Aliniambia anafunga. Mkono haushiki tena bisibisi. Zimebaki tatu, na mojawapo anataka kumpa mjukuu wake anayeanza chuo Dar, anapenda hayo magemu yenu, lakini yeye Katibu hazisikii feni vizuri siku hizi. Akaniomba nimletee lile boksi la viatu, nisome nakala za kadi za zile tatu.

Nakala zilikuwa zimepangwa kwa mwaka. Nilitafuta za karibuni, lakini vidole vyangu viliishia kwingine, na nikaiona yangu. Rangi ya kaboni ilikuwa imefifia. "Imeshuka? Hapana." Chini yake kulikuwa na mistari iliyoandikwa kwa kalamu, kwa mwandiko wake wa ofisini:

"Imezima Korogwe mbele ya watu. Kosa la muuzaji, alijua akakubali. Imeshuka baadaye, siku saba, ni nzima. Binti hajarudi. Asilaumiwe."

Niliisoma nikiwa nimesimama. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba kosa lile kama langu peke yangu, nikazungukia upande wa pili wa soko kwa ajili yake, na Katibu alikuwa ameliandika humu kuwa lake. Nilimtazama. Alikuwa anatazama nje, kwa kina mama wa mboga.

"Umezipata?"

"Nimezipata, Katibu."

Nilirudisha kadi mahali pake, nikamsomea za zile tatu, mstari wa mwisho ukiwa bado haujajazwa. Nikawasha zile tatu, moja baada ya nyingine, nikafungua lile gemu la magari, nikainamisha sikio. Ya kwanza ilikoroma. Ya pili na ya tatu zilipumua. Nilihisi ule woga wa zamani unapanda, wa kutaka daftari, wa kutaka miezi minane.

"Mjukuu atakaa wapi huko Dar?" nikauliza. "Chumba kina dari?"

Alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Bati tupu."

"Basi ni hii ya pili, ina njia kubwa ya kutolea moto. Imeshuka?"

"Bado. Shemeji amezeeka, hachezi tena."

Basi langu la kwenda Tanga lilikuwa linaondoka saa nane. Nikamwambia kwamba Korogwe ninaweza kushuka niende Magoma, likizo yangu bado ina wiki, nitakaa kwa mdogo wake chini ya lile bati na kucheza mwenyewe mpaka jasho linitoke. Hakunishukuru. Alisimama kwa shida, akaniletea lile blanketi, na nilipoanza kuifunga mashine na kuiingiza kwenye begi kubwa pamoja na nguo, akanigonga mkono.

"Ipakate," alisema.